JINA KWENYE KIOO CHA RADIO: SOMA, LAKINI SIKILIZA PIA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayechunga nyumba kambini, safari hii ukurasa wetu wa usalama na afya unaongea juu ya radio. Pengine utauliza: radio na afya vinakutana wapi? Vinakutana kila siku. Habari ya chanjo ya watoto, habari ya kipindupindu, habari ya maji yasiyofaa kunywa, mara nyingi zinaingia nyumbani kwa njia ya radio kabla karatasi haijabandikwa kwenye mlango wa dispensari. Mtu aliyekosa tangazo, au aliyeshika tarehe nyingine badala ya ile iliyosemwa, atafika na mtoto mgongoni na kukuta kazi ya chanjo imekwisha.

Siku hizi radio nyingi za FM, hasa zile za magari, zina kioo kidogo chenye mwanga. Juu ya kioo hicho, licha ya namba ya kituo, mara nyingine zinatokea herufi: jina la kituo, maneno mafupi, saa. Pembeni kuna vifungo vilivyoandikwa AF, TA, PTY. Wengi wetu tunavibonyeza bila kujua kazi yake, halafu tunashangaa kuona radio inakatakata sauti au inakataa kushika kituo cha kwetu. Tutafafanua vitu hivyo kimoja kimoja. Lakini neno kubwa la leo ni hili: kioo ni msaidizi wa sikio, si bwana wake.

HERUFI HIZO ZINATOKA WAPI?

Zinatoka kwenye mnara uleule unaokuletea sauti. Fikiri mtumbwi unaovuka Lualaba. Juu wamekaa abiria, nawe unawaona na kuwasikia. Chini, karibu na miguu yao, kuna mfuko wa barua. Mtumbwi ni mmoja, lakini unavusha watu na barua pamoja. Ndivyo ilivyo kwa FM. Sauti ni abiria. Maandishi ni mfuko wa barua.

Utaratibu huo unaitwa RDS. Ulitengenezwa na mafundi wa vituo vya radio vya Ulaya, na kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1984. Maandishi yanatembea juu ya mtetemo wa mara 57,000 kwa sekunde, ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia. Radio yenye uwezo inaufungua na kuandika yaliyomo. Radio isiyo na uwezo inauacha upite, na sauti inabaki ileile.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu. La kwanza, RDS iko kwenye FM tu. Ukifungua masafa mafupi, yale tuliyozoea zamani kwa kusikiliza nchi za mbali, hutaona herufi hizo. La pili, ni lazima kituo chenyewe kiwe na mtambo wa kutuma maandishi. Vituo vidogo vingi havina. Ukiona namba peke yake, usiseme radio imekufa, wala usimpe fundi pesa ya bure. La tatu, mawimbi yakiwa dhaifu, maandishi yanaharibika au hayatokei kabisa, hata kama sauti bado inasikika. Jina la kituo linaletwa kwa vipande vinne, kila kipande herufi mbili. Vipande vikipotea njiani, kioo kinakaa kitupu au kinaonyesha nusu ya jina.

VITU SITA VYA KUJUA

1. Jina la kituo. Nafasi yake ni herufi 8 tu, basi. KASONGO ina herufi 7, inaingia. KABAMBARE ina herufi 9, haiingii, itabidi ikatwe. SALAMABILA ina 10. Kwa hiyo usishangae kuona jina lililofupishwa.

2. Maandishi marefu. Hapa kituo kinaweza kuandika mpaka herufi 64: jina la kipindi, namba ya simu, au tangazo fupi. Kwenye radio nyingine maandishi haya hayatokei yenyewe. Unatafuta kifungo kilichoandikwa TEXT, RT, INFO au DISP.

3. Saa. Kituo kinaweza kutuma saa na tarehe kila dakika, na radio yako inajirekebisha yenyewe.

4. AF. Kituo kimoja kikubwa kinaweza kuwa na minara mingi, kila mnara na namba yake. AF inaambia radio ya gari: ukiona mnara huu umekuwa dhaifu, ruka kwenye mnara mwingine wa kituo kilekile. Dereva hagusi kitu.

5. TA. Hii inangoja matangazo ya hali ya barabara. Tangazo likija, radio inaacha muziki na kulitoa. Ulaya inasaidia sana. Barabara zetu za Kasongo na Kabambare, mwenye kukuambia kama daraja limekatika ni dereva uliyepishana naye.

6. PTY. Hii ni namba ya aina ya kipindi: habari, michezo, muziki, na kadhalika, kuanzia 0 mpaka 31. Namba 31 imewekwa kwa hatari kubwa. Lakini haifanyi kazi bila kituo kuituma, basi usikae ukiingojea.

RADIO INAPORUKA KITUO CHA KWENU

Hapa tafadhali soma polepole, maana ndipo penye hasara.

Radio nyingi za gari zimetengenezwa kwa ajili ya miji yenye vituo vingi na minara mingi. Ukiwasha AF au TA, halafu ukabonyeza kifungo cha kutafuta, radio nyingine husimama tu kwenye vituo vinavyotuma RDS. Kituo kisichotuma maandishi inakiruka, hata kama sauti yake ni safi na mnara wake uko nyuma ya nyumba yako. Kwa macho yako, namba zinakimbia mpaka mwisho na kuanza tena. Utasema: leo hakuna radio. Kumbe radio ipo, ni mashine iliyoikataa.

Sasa fikiri ni vituo gani vinavyoweza kurukwa hivyo. Ni vile vidogo, vya mji na vya wakaaji. Na tangazo la kweli la kwako linatoka wapi? Kituo cha Kinshasa au cha ng'ambo kitakuambia kuna kampeni ya chanjo katika nchi. Hakitakuambia kwamba kesho asubuhi wachanjaji wako kwenye shule ya mtaa wako. Neno hilo linasemwa na kituo kidogo, kama Radio Sauti ya Mkaaji ya Kasongo, baada ya kuletewa karatasi na ofisi ya zone ya afya. Zone ya afya ya Kasongo ina mpango wake, ya Kabambare wake, ya Samba wake. Tarehe ya jirani si tarehe yako.

Tena, FM haisafiri mbali sana. Inakwenda moja kwa moja kama macho yanavyotazama. Mlima au umbali ukiingia kati, imekwisha. Sauti ya mnara wa Kindu haiwezi kufika Kasongo yenyewe, mpaka kuwe na mnara mwingine wa kuipokea na kuirusha tena. Ndiyo sababu kituo cha karibu ni mali kubwa.

Dawa yake ni rahisi. Zima AF. Zima TA. Halafu tafuta kwa mkono, namba kwa namba, kuanzia 87.5 mpaka 108. Ukipata kituo cha kwenu, kihifadhi kwenye kifungo cha kwanza. Andika namba yake kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ili mama na watoto waijue hata siku wewe uko kazini.

Neno moja kwa madereva. Magari mengi yaliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Japani yana radio ya zamani inayoanzia 76 na kuishia 90. Radio hiyo haiwezi kufika kwenye vituo vilivyo juu ya 90, bonyeza usibonyeze. Si mawimbi yaliyokosekana. Ni radio isiyofika huko.

SITA AU TISA?

Sisi wa dispensari tunawafahamu wafanyakazi waliokaa miaka mingi kwenye mashine za kutoboa mawe. Mashine hizo zinapita desibeli 100. Kazini, kipimo cha desibeli 85 kinavumilika kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Ukifika 100 ni robo ya saa. Mtu asiyevaa vifuniko vya masikio anaumiza sikio lake kila siku bila kusikia maumivu.

Sikio lililochoka kwa makelele halifungi mlango wote mara moja. Linaanza kupoteza sauti nyembamba, kama za herufi S, T na F. Mtu anasema: nawasikia, lakini sifahamu mnasema nini. Nyumbani anapandisha radio mpaka watoto wanalalamika. Anasema radio ni mbaya, kumbe radio ni nzima.

Angalia sasa hatari iliyo katika lugha yetu. Sita na tisa ni maneno mawili yenye sauti zilezile, zimegeuzwa nafasi tu. Na sauti zinazoyatofautisha, S na T, ndizo sikio hilo linazopoteza. Tangazo linasema: leteni watoto tarehe sita. Baba anasikia tisa. Siku tatu zinapita, wachanjaji wamehamia kijiji kingine, na mtoto anabaki bila kinga ya surua.

Hapo ndipo maandishi ya kioo yanakuwa rafiki wa kweli. Kituo kikiandika CHANJO SURUA TAREHE 6, hakuna wa kuchanganya 6 na 9, ila aliyeishika radio juu chini. Kwa hiyo, ndugu uliyepungukiwa masikio, jifunze kifungo cha kuonyesha maandishi. Na kama kituo chenu hakitumi maandishi, weka mtoto anayesoma shule karibu na radio saa ya matangazo, aandike tarehe kwenye daftari. Kisha mwambie akuonyeshe kwa vidole: sita ni mkono mmoja na kidole kimoja, tisa ni mkono mmoja na vidole vinne. Kufanya hivyo si aibu. Aibu ni kujifanya umesikia.

Na dalili hizo ukiziona, njoo dispensari tukuangalie. Pengine ni taka ya sikio tu, nayo inaondolewa. Pengine ni makelele. Hapo kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki tunaweza kukichunga. Usitie kijiti, usitie mafuta ya moto.

SAA YA KIOO NA SAA YA KAZI

Saa inayotoka kwenye kituo inapendeza, maana haichelewi kama saa ya mkono iliyozeeka. Lakini ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni nchi yetu yenyewe. Kongo ina saa mbili. Kinshasa ikiwa 19:00, hapa Maniema ni 20:00. Kituo kinachotuma saa ya Kinshasa kitaweka radio yako nyuma saa nzima, na kituo kilichopangwa vibaya kinaweza kuiharibu zaidi. Ukiona kioo na saa ya kazi havipatani, ingia kwenye mipango ya radio, zima CT, halafu panga saa kwa mkono.

Mtego wa pili ni namna yetu ya kuhesabu. Kioo kikiandika 08:00, kwetu ni saa mbili ya asubuhi. Mtu akikisoma kama saa nane, atafika mchana, wakati 14:00. Wafundishe watoto: kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, ondoa sita kwenye namba ya kioo, utapata saa yetu. Nane toa sita, mbili.

Kwa dawa, saa hii inafaa. Chukua dawa ya malaria ya artemeter na lumefantrini: unameza mara ya kwanza, mara ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Jumla ni mara 6, nazo zote zinamezwa hata homa ikipungua siku ya pili. Ndugu wa kifua kikuu naye anameza kila siku wakati uleule. Chagua kipindi cha radio unachokipenda, kiwe ndiyo kengele yako ya dawa.

Lakini sikilizeni vizuri: kwa saa ya kupasua mawe kwa baruti, radio haina neno. Kuna saa moja tu, ya kampani, na king'ora chake. Mtu asiseme: kioo cha radio yangu kinaonyesha bado dakika kumi. Jiwe linaloruka halisomi kioo.

Na kwa kuwa wengi wanasikiliza FM kwenye simu, tuongeze hili. Radio ya kawaida inapokea tu. Simu inapokea na kutuma. Karibu na viwashio vya baruti vya umeme, chombo kinachotuma mawimbi kinaweza kuleta mlipuko usiotazamiwa. Iache simu mahali palipowekwa na wakubwa wa usalama. Tena usivae vya kusikilizia masikioni ukiwa kazini wala ukiendesha pikipiki: hutasikia king'ora, hutasikia lori nyuma yako. Nyumbani ukivaa, usipite kidogo zaidi ya nusu ya nguvu ya sauti.

JINA SI MUHURI

Tumesema jina kwenye kioo linakujulisha nani anaongea. Ni msaada mkubwa wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, maana siku hizo maneno yanakuwa mengi kuliko mvua. Mtakumbuka mpox. Aina mpya ya kirusi chake ilianza kuonekana mwaka 2023 Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, ambako watu wanaishi kwa kuchimba kama sisi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza kuwa ni jambo la hatari kwa mataifa. Katika siku kama hizo mmoja anasema ni uchawi, mwingine anauza majani, wa tatu anasema hospitali ndiyo inayoleta ugonjwa. Kila mmoja anamaliza kwa kusema: nimesikia kwenye radio.

Muulize: radio gani? Saa ngapi? Nani aliyesema? Mwenye kuona jina kwenye kioo anaweza kujibu la kwanza. Lakini jina peke yake halitoshi. Maandishi yale hupangwa na mtu, na mtu anaweza kuandika analotaka. Tangazo la biashara linaweza kupita hapohapo palipopita tangazo la afya. Kwa hiyo subiri sauti ya kituo ikijitaja, na sikiliza kama msemaji anataja ofisi: Mganga Mkuu wa Zone, hospitali, au dispensari. Likiwa neno la dawa au la kukimbia nyumba, muulize mganga wako au mjumbe wa afya wa mtaa kabla ya kutenda. Tangazo la kweli haliogopi kuulizwa mara mbili.

KUMBUKA

1. Kioo kisicho na herufi si dalili ya radio mbovu.
2. Zima AF na TA unapotafuta kituo cha mji wenu. Tafuta kwa mkono.
3. Bandika namba ya kituo chenu ukutani.
4. Masikio yakipungua, soma maandishi, au mtie mtoto kazi ya kuandika tarehe.
5. Linganisha saa ya kioo na saa ya kazi. Kinshasa na Maniema hazilingani.
6. Saa ya baruti ni ya kampani peke yake.
7. Jina la kituo ni mwanzo wa kuamini. Swali kwa mganga ndilo mwisho wake.

Jioni ya leo, mfanyakazi, ukishaoga na kula, ichukue radio ya nyumbani, ita mama na watoto, mtafute pamoja kituo chenu na kukihifadhi. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Siku tangazo la chanjo litakapopita, nyumba yenu italisikia, na mtoto atafika mbele ya sindano tarehe ile iliyosemwa.